MTU AKIUMIA, AMDAI NANI?

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi huko Kenyenya, na kuchapishwa hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika

 

Halmashauri ya tawi imenitaka niseme juu ya ajali, na hasa juu ya swali ambalo huulizwa ofisini kwetu karibu kila wiki: mtu akiumia, amdai nani? Wengi hudhani kwamba jambo hili ni jepesi. Hudhani kwamba mtu akiisha kuumia basi ana haki, na mwenye haki hulipwa. Sivyo. Katika nchi hii wako watu waliokatwa vidole na mashine, wakatafuta wakili, wakapeleka shauri kortini, wakangoja miaka, na mwisho wake wakaambiwa kwamba korti ile haina mamlaka ya kulisikiliza. Wako na wengine ambao mlango wa korti ulikuwa wazi kabisa mbele yao, lakini hakuna aliyewaambia, wakapokea pesa kidogo za kwanza wakarudi nyumbani. Makosa yote mawili yana shina moja. Mtu hakujua yeye alikuwa nani mbele ya sheria, pale mahali alipoumia.

Kwa hiyo leo sitaanza na sheria. Nitaanza na sakafu.

SAKAFU MOJA, WATU WATATU

Tuseme kuna kiwanda cha chai. Huu ni mfano tu, ndugu zangu, simtaji mtu wala kiwanda. Karibu na mlango wa kupokelea majani mafuta yamemwagika, na hakuna aliyeyafuta tangu jana. Asubuhi anapita fundi wa mashine, anateleza, anavunjika mkono. Saa nne anakuja mkulima kuuliza habari ya malipo yake, naye anateleza, anavunjika mkono. Mchana inaingia lori ya kampuni nyingine kuleta kuni za boila; dereva anashuka, anateleza, anavunjika mkono. Mafuta ni yale yale. Mfupa uliovunjika ni ule ule. Lakini sheria inawapeleka watu hawa watatu njia tatu mbalimbali, na yule atakayefuata njia ya mwenzake atapotea.

Wa kwanza ni fundi. Yeye ameajiriwa na kiwanda, na ameumia katika kazi ya mwajiri wake. Sheria yake ni ile ya mafao ya majeraha kazini, namba 13 ya mwaka 2007, ambayo wengi wenu mnaijua kwa jina la WIBA. Ilianza kutumika tarehe 2 Juni 2008, ikaiondoa ile ya zamani ya Sura ya 236. Chini ya sheria ya zamani mfanya kazi alikuwa na njia mbili: aliweza kupokea fidia iliyopigiwa hesabu na serikali, au kumshtaki mwajiri kortini kwa uzembe. Sheria mpya imeifunga njia ya pili. Kifungu cha 16 chasema wazi kwamba mfanya kazi hawezi kumshtaki mwajiri wake kortini ili adai fidia kwa ajali ya kazini. Atalipwa kwa sheria hiyo tu, basi.

Mawakili hawakuridhika. Chama chao, Law Society of Kenya, kilikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2009 jaji alikubali kwamba vifungu kadhaa, hicho cha 16 kikiwa kimojawapo, vilipingana na Katiba ya wakati ule. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaigeuza hukumu hiyo kwa sehemu kubwa. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikamaliza ubishi: kifungu cha 16 ni halali. Miaka kumi ilipita katikati, na ndani ya miaka hiyo watu wengi waliendelea kufungua mashauri dhidi ya waajiri wao kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mwaka 2023 Jaji Mkuu alitoa maagizo juu ya mashauri yale yaliyokwama. Kama unalo shauri la zamani la namna hiyo, usikae nyumbani ukingoja barua. Nenda kwa wakili wako ukamwulize limefika wapi.

Je, fundi wetu amepata hasara au faida? Mimi nitasema kweli kama ninavyoiona. Amepata vyote viwili. Faida yake ni kwamba hana haja ya kuthibitisha kosa la mtu. Hata kama hakuna aliyezembea, hata kama yeye mwenyewe hakutazama vizuri alipokanyaga, fidia ni haki yake. Atanyimwa tu ikiwa aliumia kwa utovu wa adabu wa makusudi, na hata hapo, kama ajali imemletea ulemavu mkubwa au imemwua, fidia hulipwa. Hasara yake ni kwamba sheria hii hupima mkono wa mtu kwa mshahara wake. Hesabu ni hii: mshahara wa miezi 96, ukazidishwa kwa asilimia ya ulemavu aliyoandika daktari. Mwenye mshahara wa Shs. 15,000 kwa mwezi akipewa asilimia 10, atapata Shs. 144,000. Meneja mwenye Shs. 150,000 akiumia jeraha lile lile, hesabu yake ni mara kumi ya hiyo. Uchungu haumo katika hesabu. Usiku wa kukosa usingizi haumo. Na mwajiri aliyeacha mafuta sakafuni wiki nzima hulipa sawasawa na yule aliyefuta sakafu kila saa. Hilo ni jambo ambalo vyama vya wafanya kazi havina budi kuendelea kulisema mbele ya Bunge. Lakini mpaka siku hiyo ifike, sheria ni hiyo, na anayewaambia kwamba atawashtakia mwajiri kortini ili mpate mamilioni, mwulizeni kwanza kama amepata habari ya tarehe 3 Desemba 2019.

SIKU ZINAVYOHESABIWA KWA FUNDI

Hapa naomba mnisikilize sana, maana hapa ndipo haki inapopotelea.

Ukiumia, mwambie mwajiri siku hiyo hiyo. Sheria yakubali kwa mdomo au kwa barua, lakini mimi nasema barua, na nakala ibaki kwako, na nyingine ifike ofisi ya Chama. Mwajiri akiisha kupata habari anazo siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Kama mtu amekufa, habari ipelekwe katika saa 24. Kuna fomu iitwayo DOSH/WIBA 1. Sehemu yake moja hujazwa na mwajiri, nyingine na daktari. Fomu hii ndiyo mwili wa shauri lako. Mwajiri akikawia kuijaza, njoo kwetu upesi, tutamwandikia.

Madai yenyewe yafikishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, au tangu siku ya kifo. Usipomwarifu mwajiri kabisa ndani ya miezi hiyo 12, haki yako yaweza kufa, isipokuwa kama itathibitika kwamba alijua kwa njia nyingine. Madai yakiisha kupelekwa kwa mwajiri au kampuni yake ya bima, wanazo siku 90 za kulipa. Ukiona asilimia uliyopewa ni ndogo, unazo siku 60 za kupinga uamuzi wa Mkurugenzi, na akishikilia neno lake waweza kwenda katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ndani ya siku 30. Kwa hiyo korti ipo mwishoni mwa njia hii. Haiko mwanzoni.

Vibarua wamekuwa wakiuliza kama nao wamo. Mkataba wa mdomo ni mkataba. Mwenye kuchuma chai kwa kilo kwa amri ya mwajiri asikubali kuambiwa kwamba hana karatasi, kwa hiyo si mfanya kazi. Na wale wanaobebwa bure asubuhi na jioni kwa gari la mwajiri lililowekwa kwa kazi hiyo, likianguka njiani, ajali hiyo ni ya kazini.

MKULIMA ALIYEKUJA KUULIZA MALIPO YAKE

Sasa mtu wa pili. Mkulima si mfanya kazi wa kiwanda. Yawezekana hata ana hisa kidogo katika kiwanda hicho. WIBA haimjui. Lakini yeye ana sheria yake, ambayo ni ya zamani kuliko wengi wenu hapa: Sura ya 34, inayohusu wajibu wa wenye mahali kwa wageni wao. Imejengwa juu ya ile ya Uingereza ya mwaka 1957.

Maneno yake ni mepesi. Mwenye mahali ana wajibu wa kuangalia, kwa kadiri ya haki na hali ilivyo, kwamba mgeni wake atakuwa salama akipatumia mahali pale kwa jambo lile lililomleta au aliloruhusiwa. Tazameni mambo mawili. La kwanza: mgeni ni yule aliyealikwa au aliyeruhusiwa. Mkulima aliyekuja kuuliza malipo ameruhusiwa. Mteja dukani ameruhusiwa. Mgonjwa hospitalini, mzazi aliyeitwa shuleni, mama aliyelipa ushuru akaweka ndizi zake sokoni, wote ni wageni wa mahali hapo. La pili: salama kwa jambo lile lililomleta. Mkulima akiacha mlango wa ofisi, akazunguka nyuma akapanda juu ya mashine kutazama inavyofanya kazi, hapo amejitoa mwenyewe katika ugeni wake.

Na mwenye mahali ni nani? Watu hufikiri ni mwenye hati ya ardhi. Si lazima. Ni yule anayepatawala, mwenye uwezo wa kusema ngazi itengenezwe au mlango ufungwe. Wanaweza kuwa wawili au zaidi kwa wakati mmoja. Kuna shauri mashuhuri la Uingereza, la Wheat na kampuni ya Lacon, lililokatwa mwaka 1966, na mawakili wetu hulitaja hata leo. Katika mji wa Great Yarmouth palikuwa na nyumba ya pombe. Nyumba ni mali ya Lacon, lakini ghorofani aliishi meneja na mkewe, nao walipokea wageni wa kulala. Usiku mmoja mgeni alishuka kwa ngazi ya nyuma, akaanguka, akafa. Mti wa kushikia ulikoma kabla ngazi haijaisha, na taa ya juu haikuwa na balbu. Majaji wakubwa wakasema kwamba kampuni ilikuwa mwenye mahali, na meneja naye vilevile, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya utawala pale. Mpaka hapo mjane alikuwa ameshinda. Lakini hakupata kitu. Balbu iliondolewa na mtu asiyejulikana, na haikuthibitika kwamba kampuni au meneja alijua au alipaswa kujua. Na ngazi ile ikiwa na taa haikuwa ya hatari.

Nawasimulia habari hii kwa sababu mbili. Fikirini kile kibanda cha kupokelea majani chai, huko mteremkoni, ambako mvua ikinyesha mchana udongo unakuwa kama sabuni. Ubao wa sakafu ukivunjika na mama mwenye kikapu akatumbukia mguu, mwenye mahali ni nani? Kamati ya wakulima waliokijenga? Kiwanda kinachotuma karani na mizani? Yawezekana ni wote wawili. Jibu hutoka katika kuuliza ni nani hukitengeneza, nani ana ufunguo, nani hutoa amri. Na ikiwa ni kiwanda cha wakulima wadogo, mjue kwamba kila kiwanda ni kampuni yenye jina lake yenyewe, ingawa huendeshwa chini ya KTDA. Barua ya madai iandikwe kwa jina kamili la kampuni inayohusika. Shauri laweza kuanguka kwa jina tu.

Sababu ya pili ni ile balbu. Kuumia peke yake hakutoshi.

UZEMBE NI NINI HASA

Mwaka 1932 House of Lords huko London walikata shauri la mama mmoja wa Scotland, Bibi Donoghue, aliyekunywa soda ya tangawizi katika mkahawa wa Paisley na, kwa maelezo yake, akakuta konokono aliyeoza ndani ya chupa. Hakuinunua yeye, rafiki yake ndiye aliyenunua. Kwa hiyo hakuwa na mapatano na mtu yeyote. Majaji wakasema mtengenezaji alikuwa na wajibu kwake vilevile, kwa kuwa mtu anapaswa kujihadhari asimdhuru yule ambaye angeweza kuona mbele kwamba tendo lake litamgusa. Sheria ya uzembe inayotumika katika korti zetu hutoka hapo.

Basi mdai huulizwa: huyu mtu alikuwa na wajibu kwako? Aliuvunja kwa kutenda au kwa kuacha kutenda? Na kuumia kwako kulitoka katika kosa hilo, au kulitoka mahali pengine? Hilo la mwisho huangusha wengi. Katika shauri la Statpack Industries la mwaka 2005, Mahakama Kuu ilisema kwamba si kila jeraha limetokana na uzembe wa mtu, na aliyeumia hana budi kuonyesha kamba inayofunga kosa na jeraha. Kusema "niliumia kwake" si ushahidi. Sema: mafuta yalikuwa sakafuni, yalikuwapo tangu jana, fulani na fulani waliyaona, nilikanyaga hapo hapo, daktari aliandika mkono umevunjika siku ile ile.

Na hapa, ndugu wanachama, barua zenu zina kazi ambayo pengine hamkuifikiria. Sheria ya usalama na afya kazini, namba 15 ya mwaka 2007, yataka kila mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na yamkataza mwajiri kumfukuza au kumwonea mfanya kazi kwa sababu amelalamika juu ya hatari. Mwakilishi wenu akiandika katika daftari la kamati, tarehe 4, kwamba sakafu ya mlangoni ina mafuta, na mkulima akaanguka tarehe 9, mwenye mahali hawezi tena kusema hakujua. Mjane wa Great Yarmouth alikosa karatasi kama hiyo. Nimeona kamati za usalama ambazo kazi yake ni kunywa chai na kutia sahihi. Daftari lake ni jeupe. Siku ya ajali kila mtu anatafuta aliyekuwa amesema, na hakuna aliyeandika.

Mwenye mahali naye ana majibu yake, na mengine ni ya haki. Atasema aliweka bango la hatari. Bango humwokoa ikiwa linamwezesha mgeni kuwa salama kweli: kama limeandikwa "pita mlango wa pili" na mlango wa pili upo. Bango la Kiingereza juu ya shimo lisilofunikwa, usiku, bila taa, halisaidii kitu. Lakini yale mabango ya "unaingia kwa hasara yako mwenyewe" msiyadharau kabisa, kwa kuwa sheria ya Sura ya 34 humruhusu mwenye mahali kupunguza wajibu wake kwa mapatano au kwa njia nyingine, pale ambapo sheria nyingine haimzuii. Ukiliona, mwambie wakili wako mapema.

Atasema pia kwamba kazi ilifanywa na mkandarasi. Ikiwa alichagua mkandarasi anayejua kazi, na akaangalia kwa kadiri ya haki kwamba imefanywa vizuri, yeye anaweza kuwa huru, na madai yakamfuata mkandarasi. Atasema fundi wa umeme aliyeitwa kutengeneza waya alipaswa kujua hatari ya waya. Hilo nalo sheria inalikubali: mtu wa ufundi hutazamiwa ajihadhari na hatari za ufundi wake. Lakini fundi huyo huyo akiangukiwa na dari, dari si ufundi wake.

Na atasema wewe mwenyewe hukujihadhari. Hapo korti hugawanya kosa. Ukionekana una sehemu ya tatu ya kosa, unakatwa theluthi ya pesa zako. Hufukuzwi kwa sababu hiyo tu.

Watoto ni jambo jingine. Sheria yamtaka mwenye mahali akumbuke kwamba mtoto hana hadhari kama ya mtu mzima. Ninyi mnaofanya kazi katika machimbo ya mawe, huko Tabaka na kwingineko, na mafundi wa kujenga, mnajua jinsi watoto wanavyopenda shimo na mchanga. Mwizi aliyeingia usiku hana dai kubwa; mwenye mahali asimtegee tu mtego wa kumdhuru. Lakini mtoto anayepita kila siku kwenda shule katikati ya kiwanja kisicho na ua, na mnamwona, na hamsemi neno, korti yaweza kusema mmemruhusu.

DEREVA WA KUNI

Wa tatu nilimwacha makusudi, kwa kuwa huyu ndiye mwenye haki nyingi kuliko wote, na ndiye asiyejua.

Dereva ameajiriwa na kampuni ya kuni. Aliumia akiwa kazini, kwa hiyo anadai kwa mwajiri wake kwa WIBA kama fundi. Lakini sakafu haikuwa ya mwajiri wake. Kiwanda kwake ni mtu wa tatu, na yeye ni mgeni wa kiwanda. Kifungu cha 17 cha WIBA kinasema kwamba mfanya kazi aliyeumia kwa kosa la mtu mwingine asiye mwajiri wake aweza kudai fidia ya WIBA, na pia kumshtaki mtu huyo kortini. Yote mawili. Korti itakapopiga hesabu itatazama zile alizokwisha kulipwa, ili asilipwe mara mbili kwa jambo moja. Na mwajiri aliyelipa, au bima yake, naye aweza kumdai mtu yule wa tatu.

Sasa jitazameni. Mchuma chai aliyegongwa na gari la mtu baki akivuka barabara kwenda shamba la pili kwa amri ya mnyapara. Mlinzi wa kampuni ya ulinzi aliyeangukiwa na ukuta wa duka analolilinda. Tarishi aliyetumwa benki akaanguka ngazini. Karani wa mizani. Hao wote ni dereva wa kuni. Wanapokea pesa za WIBA, wanashukuru, wanakwenda nyumbani, na mlango wa pili unafungwa wenyewe baada ya miaka 3 bila mtu kuugusa.

Wale mliokodishwa na kampuni za kuleta watu, mnafanya kazi kiwandani lakini hati ya mshahara ina jina la kampuni nyingine, jambo lenu lataka wakili alitazame mapema. Leteni hati ya mshahara na mkataba. Hapo kila mtu atataka kusema kwamba mwajiri ni yule mwingine.

MIAKA NA KARATASI

Kwa shauri la uzembe kortini muda ni miaka 3 tangu siku ya ajali. Ukiwa na dai juu ya Serikali au mamlaka ya mtaa, sheria ya Sura ya 39 inakupa miezi 12 tu. Kwa hiyo kama uliumia katika hospitali ya umma, soko au ofisi ya kaunti, usibishane juu ya tafsiri. Hesabu mwaka mmoja na uwahi. Mtoto huanza kuhesabiwa miaka akiisha kuwa mtu mzima, lakini mashahidi hawangoji.

Juu ya karatasi nitasema kwa ukali kidogo. Nenda hospitali siku ile ile, hata kama ni Kenyenya hapa hapa na unaona jeraha ni dogo. Kadi ya kwanza ya matibabu ndiyo shahidi asiyesahau. Weka risiti zote za dawa na nauli, kwa kuwa gharama ulizotumia hulipwa tu zile zinazothibitishwa moja moja. Piga picha ya mahali kabla hapajafagiliwa. Andika majina ya walioona. Na mtu asije akakuuzia kadi ya matibabu ya uongo. Korti zimechoka nazo. Karani wa hospitali huitwa na daftari lake, namba haionekani, na shauri la kweli hufa pamoja na la uongo, na mwenyewe aweza kupelekwa jela.

Kuna watu wanaosimama milangoni mwa hospitali na kandokando ya ajali. Wana kalamu mkononi. Wanasema tia sahihi hapa, hutalipa kitu, tutagawana tukishinda. Sheria ya mawakili inakataza wakili kununua shauri la mteja wake, na inabatilisha mapatano ya kulipwa ikiwa tu mmeshinda. Ukitia sahihi kitandani, hujui umempa nani shauri lako, wala hujui litapelekwa lini. Mwambie unakwenda kwanza kuuliza Chama chako. Kama ni wakili wa haki atangoja siku mbili.

MASWALI

Baada ya hotuba wanachama waliuliza, na haya ndiyo tuliyoweza kuyaandika.

Mwanachama mmoja aliuliza: mwajiri akiniambia nisiandike barua, atanitunza mwenyewe? Jibu: mshukuru, na uandike barua. Wajibu wa kulipia matibabu ni wake kwa sheria, si kwa hisani. Na mameneja huhamishwa.

Mwingine aliuliza kama anaweza kufungua shauri la uzembe hapa karibu, au ni mpaka Nairobi. Jibu: mashauri mengi ya namna hii husikilizwa na mahakimu, huko Ogembo au Kisii. Hakimu mkuu aweza kusikiliza madai hadi Shs. 20,000,000.

Mama mmoja aliuliza: mume wangu alikuwa mlinzi, alikufa akiwa kazini miezi tisa iliyopita, gari la watu wengine lilimgonga langoni. Mwajiri ametupa pesa za mazishi. Je, mambo yamekwisha? Jibu: hayajakwisha, mama. Pesa za mazishi si fidia. Una miezi mitatu imebaki kwa madai ya WIBA, kwako na kwa watoto. Juu ya mwenye gari, sheria ya Sura ya 32 inawapa mke, watoto na wazazi wa marehemu haki ya kudai kwa riziki waliyopoteza, na muda wake ni miaka 3 tangu kifo. Na sheria ya Sura ya 26 inaruhusu madai ya marehemu mwenyewe yaendelezwe kwa faida ya mali aliyoiacha, lakini kwa hayo lazima upate kwanza kibali cha korti cha kusimamia mali yake. Kesho ofisi inafunguliwa saa mbili. Njoo na cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati yoyote ya mshahara wa marehemu, na karatasi ya polisi ya ajali. Kama karatasi ya polisi huna, njoo hivyo hivyo, mwakilishi wetu atafuatana nawe kituoni.